Wanafunzi wa uzamili wafuatwe hadi Maguu

Tangazo la ufadhili likibandikwa Morogoro au Dar es Salaam, mwanafunzi wa uzamili aliyeko Maguu akipima udongo kwenye ngolo, mashamba ya mashimo ya Wamatengo, anaweza kulipata muda umekwisha. Naomba vyuo vikuu vimfuate huku huku: msimamizi ampigie simu kwa ratiba, maktaba imtumie makala, na fedha za utafiti zifike kabla ya mvua, maana msimu haumsubiri mhasibu.

Kilimo hiki cha ngolo kinastahili gharama hiyo. Nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa miraba, hufukiwa udongo, na mashimo yanayobaki katikati huzuia maji yasiteremshe rutuba bondeni. Chuo Kikuu cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Kyoto vilikichunguza huku Mbinga tangu miaka ya 1990. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, ina kituo Ugano, huku huku Mbinga. Kwa nini kisiwape vijana hao meza na intaneti?

Nao warudishe matokeo kwa Kiswahili, kurasa mbili tu, yasomwe kwenye mkutano wa kijiji. Wazee waliojibu maswali yao wana haki ya kuyasikia.

Mkulima wa kahawa,
Maguu, Mbinga