Motokaa Ijizimayo Yenyewe



Naomba nafasi nitoe maoni yangu juu ya jambo lililotugawa bwenini muhula huu, tangu usiku ule ambao wengi wenu mnaukumbuka.

Usiku wenyewe ulikuwa wa mvua. Mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Pili alishikwa na homa kali, akaanza kutapika na kusema maneno yasiyoeleweka. Matroni akapiga simu, na motokaa ndogo ya kukodi ikaja upesi ikamchukua. Ilipofika langoni ikasimama ili mlinzi afungue, na hapo injini ikanyamaza yenyewe, kama ilivyo tabia ya motokaa nyingi zinazoletwa siku hizi kutoka Japani. Lango likafunguliwa, dereva akaachia breki, injini ikakoroma kidogo, ikakata. Taa zikafifia. Sisi wakubwa tukatoka kusukuma. Tulisukuma mpaka tukachoka, ndipo mwalimu wetu wa fizikia alipotuambia kwamba motokaa isiyo na klachi haiwaki kwa kusukumwa, hata tukiisukuma mpaka Usoke. Tulingoja karibu saa nzima, gari jingine lilipokuja na waya za kuazimana umeme. Muda wote huo mgonjwa alikuwa kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa matroni. Tunamshukuru Mungu alipona, na sasa yuko darasani.

Kesho yake dereva alikwenda kwa fundi, akaufunga mtambo ule kabisa. Nusu ya bweni wakasema amefanya vema, nusu wakasema amerudi nyuma.

Kwanza tuujue mtambo wenyewe. (Bwenini tunauita Mzimaji.) Motokaa ikisimama, huizima injini, dereva akiachia breki, huiwasha tena. Si jambo jipya. Miaka ya 1970 Toyota waliujaribu katika motokaa yao ya Crown, na katika msongamano wa Tokyo waliokoa petroli kadiri ya sehemu moja katika kumi. Sababu yake ni rahisi: injini inayonguruma mahali pamoja hunywa mafuta bila kwenda popote. Motokaa ndogo hunywa yapata nusu lita kwa saa, au zaidi. Wataalamu wa Marekani wamepima wakaona kwamba ukisimama zaidi ya sekunde 10 hivi, kuzima na kuwasha tena ni nafuu kuliko kuiacha injini ikinguruma.

Lakini kila kuwasha kwahitaji betri. Kwa hiyo motokaa hizi huwekewa betri ya namna yake, iwezayo kuamsha injini mara nyingi kwa siku, nayo ni ghali kuliko ya kawaida. Ikifa, wengi huku kwetu hununua ya kawaida. Motokaa ina akili kiasi chake: ikiona betri ni dhaifu, aghalabu haijizimi. Ila betri isiyo yake huweza kuidanganya. Dereva yule mwenyewe alikiri kwamba betri yake ni ya kawaida, tena imechakaa. Basi Mzimaji amefungwa kwa kosa la mwenzake.

Hata hivyo simlaumu dereva kwa kuufunga. Urambo hatuna misongamano kama ya Dar es Salaam. Kutoka hapa hadi Tabora ni kilomita 90 hivi, na gari husimama kwa sababu gani, isipokuwa ng'ombe wakivuka? Kusimama kwa sekunde tatu hakuokoi kitu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita nchi hii kati ya Tabora na Ujiji walilijua jambo hili. Mwenye mzigo wa ratili 60 akitaka kuvuta pumzi tu, aliuegemeza mtini. Hakuutua chini, maana kuuinua tena ni kazi. Aliutua alipofika kambini.

Hata Marekani wapo wasioutaka. Mwezi Mei 2025 mkuu wa idara ya mazingira ya serikali yao, Bwana Lee Zeldin, alisema watu wanauchukia mtambo huu, naye angeutazama upya. Ila wengi wa wale unawakera tu. Dereva wetu aliogopa kukwama tena na mgonjwa, na hayo si mamoja.

Linaloniudhi ni hili. Jumamosi iliyofuata nilimwona dereva yule yule standi, anakunywa chai na wenzake, na injini inanguruma zaidi ya nusu saa. Moshi ulimwendea mama muuza karanga, mpaka akahamisha ungo wake na mtoto wake mgongoni. Nilimwamkia, nikamwuliza mbona hazimi. Akanijibu, "Nikizima, haitawaka, mwanangu." Yaani ni betri ile ile! Akinguruma hivyo saa mbili kwa siku, ni lita moja. Kwa mwezi ni lita 30. Fanyeni hesabu wenyewe kwa bei ya petroli, mwone kama miezi michache haitoshi kununua betri njema.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba anayemfunga Mzimaji na aishike kazi yake. Akingoja abiria, azime kwa mkono. Wala hakuna haja ya kukata waya: motokaa nyingi zina kitufe chenye herufi A iliyozungukwa na mshale. Ukikibonyeza, injini haijizimi mpaka mwisho wa safari ile. Usiku wa kubeba mgonjwa, kibonyezwe. Ukiwa katika foleni ya Dar es Salaam na betri ni nzima, kiache. Na wazazi wajao siku ya kututembelea, twawaomba wazime injini nje ya madarasa, maana wengine tunajisomea mtihani.

Liko na ombi moja kwa walimu wetu. Usiku ule trekta la shamba la shule lilikuwa pale uani, na betri yake nzima. Tulichokosa ni waya mbili tu. Twaomba zinunuliwe, zitundikwe katika kibanda cha mlinzi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne