Seli Inayogoma Kufa

Sumukuvu ya aflatoksini, sumu ya kuvu wanaoota kwenye mahindi, huua kwa njia mbili, na wengi wetu tunaijua moja tu. Tuliijua mwaka 2016, watu wa Dodoma na Manyara walipoanza kugeuka manjano macho na ngozi, matumbo yakijaa maji. Wagonjwa 68 walihesabiwa, 20 wakafariki. Sumu ilikuwa ndani ya mahindi yao wenyewe. Dozi kubwa namna ile huangamiza seli za ini kwa wingi, na ini likishindwa kazi, mtu huondoka upesi.

Njia ya pili ni ya polepole, haitangazwi redioni, na ndiyo tuliyoiwekea toleo hili la jarida letu. Dozi ndogo, ugali baada ya ugali, mwaka baada ya mwaka, haiiui seli. Huiacha hai wakati ilipaswa kufa.

Kufa ni sehemu ya kazi ya seli. Daktari John Kerr wa Australia, akichunguza maini ya panya miaka ya 1960, aliona seli zikisinyaa moja moja, zikimeguka vipande na kumezwa na jirani zake bila kuacha kidonda. Mwaka 1972 yeye, Andrew Wyllie na Alastair Currie walichapisha makala katika British Journal of Cancer, wakakiita kifo hicho apoptosisi. Hoja yao ilikuwa nzito: ukubwa wa uvimbe hautegemei tu seli ngapi zinazaliwa, bali pia ngapi zinakufa.

Hapo ndipo punje ya hindi inapoingia. Ini linapojaribu kujisafisha, vimeng'enya vyake vyenyewe huigeuza sumukuvu kuwa kemikali kali inayong'ang'ania vinasaba. Mwaka 1991 jarida la Nature lilichapisha kazi za makundi mawili ya watafiti wa saratani ya ini, moja kuhusu wagonjwa wa Qidong, China, lingine wa kusini mwa Afrika. Huko Qidong, katika uvimbe 8 kati ya 16, herufi ileile moja ya vinasaba ilikuwa imebadilika mahali palepale, kwenye kodoni (kundi la herufi tatu) ya 249 ya jeni ya p53. Protini ya jeni hiyo ndiyo inayokagua vinasaba vilivyojeruhiwa, na jeraha likizidi huiamuru seli ife. Ikiharibika, seli mbovu hugoma kufa na kuendelea kugawanyika. Mwenye virusi vya homa ya ini B yumo hatarini zaidi, maana mambo hayo mawili huchocheana.

Sumu hiyo huanzia shambani, kama kule Gairo, mkoani Morogoro, kwenye upande mkavu wa milima ya Ukaguru. Mvua ikikatika mahindi yakiwa yanajaza punje, kuvu huingia yakiwa bado shambani. Yakishavunwa, mengine huanikwa kwenye turubai na mengine juu ya udongo mtupu, kisha hufungwa kwenye magunia kabla hayajakauka sawasawa kwa sababu gari la kwenda sokoni Kibaigwa halingoji. Punje zilizochambuliwa kwa ubovu mara nyingi huenda kwa kuku au kwenye pombe. Kuzipika hakusaidii, kwani moto wa jikoni hauiondoi sumu hii.

Nchini tumekuwa tukiipima punje. Mtafiti Martin Kimanya na wenzake walichapisha mwaka 2008 matokeo ya sampuli 120 za mahindi ya majumbani kutoka mikoa minne, na asilimia 18 zilikuwa na sumukuvu ya aflatoksini. Kazi hiyo tunaiheshimu sana. Lakini punje na ini vinapaswa kusomwa pamoja, katika kaya zilezile. Inawezekana: mwaka 2000 watafiti waliofanya kazi Gambia walionyesha kwamba badiliko la kodoni ya 249 linaonekana hata kwenye damu ya mgonjwa, bila kukata kipande cha ini. Tunataka mtaalamu wa mazao wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro na daktari wa Taasisi ya Saratani Ocean Road waandike makala moja, wala wasisubiri msiba mwingine uwakutanishe.

Waandishi wa toleo hili tumewaomba waandike kila kitu kwa Kiswahili, majedwali yakiwemo. Afisa ugani wa Gairo ataulizwa na mkulima kwa nini anunue turubai, na kwa nini mtoto apate chanjo ya homa ya ini B, ilhali mahindi ya mwaka jana hayakumdhuru mtu. Jibu lake limo katika kurasa zinazofuata.