Piga picha mbele ya kupiga dawa



Juma lililopita watoto wetu walipiga kelele: «Buibui mukubwa, muuwe mbio!» Alikuwa nyuma ya jikoni, katikati ya sombe, ana mistari ya manjano na nyeusi. Jirani alikwisha kuleta pompe ya dawa. Nikamuomba: ngojea, tupige picha kwanza.

Picha moja haitoshi. Piga mgongo, piga tumbo, piga utando wote. Weka biki karibu ili ukubwa uonekane. Usimguse. Agronomu wetu aliona miguu iliyopangwa mbili-mbili kama X, kichwa kinatazama chini, na uzi mweupe wa zigizaga katikati ya utando. Akasema: ni Argiope, tena jike, maana dume ni kadogo sana. Ukimshika anaweza kuuma, lakini si wa kuua mtu. Chakula chake ni panzi, nzi na vipepeo.

Kwa maoni yangu, mara mingi tunamwaga dawa juu ya woga tu. Dawa ile ingeua msaidizi wetu, na sombe ile tungeipika jioni. Asiye na simu aite mwenzake. Kuuliza hakuombi franka.