Breki haipakwi rangi!

Najua nimepotea, tulikuwa na mitihani mfululizo. Leo nimerudi na hasira, mnivumilie.

Ile Vespa PX ya marehemu ami, niliyoivusha toka Unguja, si mnaijua? Dramu ya mbele ilishatolewa siku nyingi ikafungwa diski ya haidroliki. Mwezi uliopita nikaipeleka kwa fundi aifufue. Ikarudi inang'aa kama bibi harusi, mpaka kalipa imepakwa rangi nyekundu. Washkaji wakapiga makofi.

Juzi natoka nayo mjini, nikafika mteremko wa hosteli. Nabana breki ya mbele, mkono unakuja wote mpaka unagusa usukani. Hamna kitu! Nimeokolewa na breki ya mguu na michongoma. Akina dada wa mwaka wa kwanza walicheka sana, nashukuru.

Tumeifungua wenyewe. Ndani ya ile rangi nzuri pistoni imekula kutu na imekwama, sili kavu, mafuta ya breki meusi tii. Nikamfuata fundi. Ati, "Mbona nilikuongezea mafuta?" Kuongezea! Jamani, mafuta ya DOT 4 yanafyonza unyevu wa hewa. Yakiwa mapya hayachemki mpaka angalau nyuzi 230 za Selsiasi, yakishanywa maji kiwango kinaweza kushuka mpaka 155. Sasa pistoni imekwama, pedi inasugua diski njia nzima, joto linapanda, mafuta yanachemka. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Ndiyo maana mkono ukalala. Na sisi wa pwani, na unyevu wetu huu, tunakaa na mafuta yaleyale miaka na miaka!

Kuna wazee wa "orijino" watasema rudisha dramu, diski ni uharibifu. Acheni hizo. Lambretta TV 175 ya 1962 ilitoka kiwandani na diski mbele, japo ilivutwa kwa waya. Hata PX yenyewe iliwekewa diski na kiwanda mwishoni mwa miaka ya 1990. Diski haina kosa. Kosa ni kuifufua kwa brashi.

Anayesema amefufua breki anionyeshe sili mpya za kalipa na za masta silinda, mpira mpya wa mafuta, na pistoni isiyo na vishimo (yenye vishimo usiisugue msasa, tupa). Aoshe kwa spiriti, siyo petroli, petroli inaua sili. Halafu atoe upepo mpaka mkono uwe mgumu. Rangi baadaye, na awe mwangalifu, maana DOT 4 ikidondokea rangi inaibandua.

Mimi natembea kwa miguu mpaka sili zifike. Fundi bado ananidai elfu ishirini ya rangi. Simpi.