Wareno ndani ya falme za Afrika

JICHO LA BARAZANI
Na Salim Mwinyihaji

Ipo nyongeza moja ya gemu ambayo kila nikiirudia huniacha na furaha na hasira kwa pamoja. Jina lake The African Kingdoms, na ilitoka Novemba 2015 kuongezea Age of Empires II, lile gemu la mwaka 1999 la kukata kuni, kuchimba dhahabu, kujenga mji na hatimaye kwenda kuubomoa wa mwenzako. Ilikuja na mataifa manne mapya: Waberberi, Wahabeshi, Wamali na Wareno.

Naam, Wareno. Nitawafikia.

Kwanza tutoe sifa panapostahili. Kwa miaka 16 gemu hili lilikuwa na Wajapani na Waviking, lakini halikuwa na taifa hata moja la kusini mwa Sahara. Ghafla unamwamuru askari wako naye anakuitikia kwa Kiamhari. Ramani zikaota mibuyu, mbuni na pundamilia wakajaa porini. Sundiata, mwasisi wa dola ya Mali, akapata kampeni yake, na Yodit, yule malkia anayetajwa katika masimulizi ya Wahabeshi kuwa ndiye aliyeiangusha Aksum, naye akapata yake. Ni hadithi ambazo watoto wetu hawazikuti hata shuleni.

Na mapambano yenyewe yamepikwa yakaiva. Wahabeshi hawakutiwa humo kwa kuonewa huruma. Wapiga mishale wao hufyatua kwa kasi zaidi kwa asilimia 18, na kila wanapopanda kutoka zama moja kwenda nyingine hupewa chakula 100 na dhahabu 100 bure. Askari wao wa shoteli, ule upanga uliopinda kama mundu, hutoka kambini upesi, hukata vibaya sana, na hufa upesi vilevile. Ukijua kumtumia, adui hapati nafasi ya kupumua. Ukizembea, umemaliza dhahabu yako kwa maiti.

Kasoro zinaanzia kwenye majengo. Wahabeshi na Wamali walipewa nyumba za aina moja, za udongo wa Sudani Magharibi zenye vijiti vinavyochomoza ukutani. Timbuktu hiyo, sawa. Lakini watu wa Aksum na Lalibela, waliosimamisha minara ya mawe na kuchonga makanisa ndani ya mwamba, wanaishi humo kwa sababu gani? Wamali nao wakapewa gbeto, wanawake warusha visu. Wanavutia, nami nawapenda kuwachezesha, ila gbeto ni wa Dahomey, mbali na Mali na karne nyingi baada ya Sundiata. Mtu aliyejua kutofautisha Wabizanti na Wafaransa aliona Afrika ni kapu moja tu.

Sasa Wareno. Watetezi wa nyongeza hii husema walihusika na Afrika, kwa hiyo wana haki ya kuwemo. Walihusika kweli! Kampeni yao inamfuata Francisco de Almeida, na sisi watu wa pwani jina hilo tunalijua. Akiwa njiani kwenda India kutawala kwa niaba ya mfalme wake, Julai 1505 aliivamia Kilwa, na mwezi uliofuata akaiteka Mombasa na kuiteketeza. Kwa hiyo ndani ya kisanduku kilichoandikwa falme za Afrika, pwani ya Waswahili inatazamwa kutoka sitahani mwa merikebu yake. Mchezaji wa Kilwa Masoko akitaka kuipitia historia hiyo, itambidi awe Almeida.

Kinachonikera zaidi ni jengo lao liitwalo feitoria. Ukilijenga linakula nafasi 20 za watu wako, halafu linatoa chakula, kuni, dhahabu na mawe lenyewe, bila kibarua hata mmoja. Kiufundi ni wazo zuri, kwani huokoa mchezo mrefu pale ramani inapoishiwa dhahabu. Kihistoria ni kichekesho. Feitoria halisi ya Sofala, yaani kituo cha biashara cha Wareno kilichowekwa mwaka huohuo wa 1505, haikuzaa dhahabu. Ilijiweka mdomoni mwa biashara iliyotoka nyanda za Zimbabwe, biashara iliyokuwa imeineemesha Kilwa kwa muda mrefu. Hayo gemu halisemi. Mali inamiminika tu.

Nyongeza nyingine zilifuata. Mwaka 2021 Burgundy na Sicily walipata zamu yao, sisi hatukupata. Kampuni ya Ufaransa, Amplitude, ilitukumbuka mwaka 2022 katika gemu lao la Humankind, ikawaweka Waswahili na chombo chao cha mtepe. Shukrani kwao, ingawa gemu hilo halina wapenzi wengi kama hili.

Bado nasema nyongeza hii ni nzuri, tena ni lazima kwa anayependa michezo ya mbinu. Ukinunua toleo jipya la 2019 unaikuta imo ndani. Nanyi vijana mnaokesha nayo, kumbukeni kwamba Forgotten Empires walioitengeneza walianza kama mashabiki waliojiundia nyongeza yao isiyo rasmi, ikakubalika, ikatoka rasmi mwaka 2013. Gemu lina kihariri chake cha kuchora ramani, kupanga miji na kuandika kisa. Na kisa kipo: mwaka 1505 Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, anautoroka mji wake, Wareno wanamtawaza Muhammad Ankoni badala yake, mwaka unaofuata anauawa, na kufikia 1512 ngome yao imeachwa. Kitengenezeni, na safari hii mchezaji aanzie ndani ya mji.