SEHEMU YA 5: SIKU YA WANGA SIO SIKU YA FUJO

Mama zangu, leo mtanivumilia. Kukata wanga siku sita, halafu Jumapili chipsi, soda, keki na chapati nne eti "najipongeza", huo sio mpango. Ni fujo.

Siku ya kurudisha wanga hupangwa mapema, kama bajeti ya nyumba. Ni mlo mmoja, sio kutwa nzima: wali au viazi vitamu sahani ya kawaida, maharage, mchicha, kipande cha samaki, ndizi moja. Mafuta punguza, soda achana nayo.

Jumatatu mzani ukipanda kilo moja, usilie wala usijinyime kula. Kila gramu ya wanga inayohifadhiwa mwilini hushika karibu gramu 3 za maji. Ni maji hayo, sio mafuta.

Ila wewe unayenyonyesha, hapa nagomba. Nani kakutuma ukate wanga? Sukari iliyomo kwenye maziwa ya mtoto inatokana na sukari ya damu yako. Kunyonyesha kunataka kama kalori 500 za ziada kwa siku. Ukibana wanga sana, damu inaweza kujaa asidi: unatapika, unahema haraka, unaishiwa nguvu. Hiyo ni dharura, kimbia hospitali. Kwako wewe wanga ni kila siku.

Mwenye kisukari anayetumia dawa, usianze bila daktari wako.

Na anayekuuzia ratiba ya kupungua bila hata kukuuliza kama unanyonyesha, mwachie ratiba yake. Tumbo la uzazi litapungua taratibu. Mtoto anataka maziwa leo.