Mgeni wa Gamba: Namna ya Kumpokea Kobe Nyumbani

Juma hili napenda tuzungumze juu ya mnyama asiyelia wala kubweka, ambaye kwa sababu ya kimya chake hufa mikononi mwa watu wema bila wao kutambua kosa lao. Mnyama huyo ni kobe.

Nilipokuwa mtoto, jirani yetu mmoja alipata uhamisho, akamwachia baba yangu kobe wake. Tulifurahi mno. Tulimtia ndani ya sanduku la mbao tukalisukuma chini ya kitanda. Tukampa maziwa na posho. Kila mtoto aliyefika kumtazama alimwinua na kumgeuza chali, apate kuona miguu ikipunga hewani. Mama alituonya tumwache apumzike, wala hatukumsikia. Kobe alipokataa kula, tulidhani ameshiba. Baada ya majuma matatu tulimkuta amekufa, na hapana hata mmoja wetu aliyeweza kusema alikufa siku gani.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba kobe anayehamia nyumba mpya hahitaji kuchezewa, bali huhitaji mahali palipotayarishwa, na kisha kuachwa kwa amani.

Lakini kabla ya kuingia katika malezi, tuitazame sheria. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 hairuhusu mtu kumkamata au kumfuga mnyama wa porini pasipo kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori. Na sheria hii ina maana. Huko Marekani yuko kobe mdogo ambaye gamba lake la chini lina bawaba, naye akiogopa hujifungia ndani kama aliyemo sandukuni. Waliomchunguza wameona kwamba kwa kawaida huishi miaka yake yote katika eneo dogo analolijua, na akipelekwa mbali hutangatanga akitafuta kwao. Hapa kwetu pia tunaye kobe mwenye bawaba, ila yake iko mgongoni, naye hufunga sehemu ya nyuma ya gamba. Tunaye vilevile kobe mkubwa wa madoa kama ya chui.

Kwa hiyo mkimkuta kobe barabarani, msimchukue. Mvusheni upande ule aliokuwa akielekea, kisha mwende zenu. Askari arudiye kutoka kazi ng'ambo ya mpaka naye asimtie kobe katika mizigo yake. Jamii yote ya kobe wa nchi kavu inalindwa na mkataba wa mataifa juu ya biashara ya viumbe vya porini, uliotiwa saini mjini Washington mwaka 1973.

Hata hivyo, wako kobe waliokwisha kuishi na watu kwa muda mrefu. Hao hawafai kutupwa porini hivi hivi, maana huweza kuwapelekea wenzao maradhi. Anayeachiwa kobe wa namna hiyo na aende kwanza kwa wenye mamlaka, aeleze na kuomba kibali. Akipewa, ndipo maneno yafuatayo yatakapomfaa.

Kwanza, tayarisheni makao kabla mgeni hajafika. Kobe mwenye gamba la sentimita 20 apewe uwanja usiopungua mita 2 kwa 3. Yule wa madoa, ambaye huweza kufikia sentimita 40 na kuzidi kilo 15, apewe uwanja mara kadhaa ya huo. Ukuta uwe wa mbao au matofali, si wa waya, kwa sababu kobe aonaye ng'ambo hushinda akiusukuma waya hadi achoke. Uingie ardhini kidogo ili asichimbe akapita chini. Nusu ya uwanja ipate jua na nusu iwe kivulini, kwani mwili wa kobe hupata joto lake kutoka nje: akiwa na baridi hulisogelea jua, na akizidiwa na joto hukimbilia kivuli. Asiyekuwa na mahali pa kukimbilia hufa. Mjengeeni pia kibanda kisichoingia mvua, mkitandike nyasi kavu. Jioni kagueni kama siafu hawapiti, maana kobe hawezi kuwakimbia. Mbwa nao wazuiwe.

Pili, msitoboe gamba ili kumfunga kamba, wala msilipake rangi. Wengi hudhani gamba ni kama kofia aliyoivaa. Sivyo. Gamba ni mfupa ulio hai, umeungana na uti wa mgongo na mbavu zake, na unasikia maumivu. Kulitoboa ni sawa na kumtoboa mtu ubavu.

Tatu ni siku ya kufika. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu msimhesabie siku mbili. Mpeni majuma mawili. Siku ya kwanza mwekeni katika beseni lenye maji ya uvuguvugu yasiyofika kidevuni, kwa dakika 15 hivi, apate kunywa. Mkae karibu naye, kisha mpelekeni kivulini, mwondoke. Sahani ya maji, pana na yenye kina kifupi, isikosekane kamwe uwanjani. Asishikwe ila kwa haja, na asigeuzwe chali hata mara moja. Kama nyumbani mna kobe mwingine, mgeni akae peke yake kwa miezi 3, mpaka ionekane kwamba hana maradhi.

Nne ni chakula. Kobe wa madoa ni mla nyasi. Chakula chake kikubwa kiwe nyasi na magugu mabichi kama mchunga, pamoja na vipande vya mpungate vilivyoondolewa miiba. Kobe wa bawaba hula majani, matunda yaliyoanguka na uyoga, na hupenda konokono na jongoo pia. Wote wawili wapewe unga wa maganda ya mayai yaliyochemshwa, kwa ajili ya nguvu ya gamba. Posho, mkate, wali na maziwa si chakula chao. Majani ya shamba lililonyunyiziwa dawa ni sumu kwao.

Msitishike kobe mgeni asipokula siku chache za kwanza. Ila mpimeni kwa mizani kila juma, mkiandika uzito katika daftari, kwa kuwa gamba huficha unyonge na jicho hudanganyika. Uzito ukishuka mfululizo, au mkiona mapovu puani, macho yaliyovimba, au akipumua kwa kinywa wazi, msingoje. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Kobe mwenye afya njema huweza kubeba vijidudu viitwavyo salmonela, ambavyo humletea mtu homa na kuhara, na huwaumiza zaidi watoto wadogo. Kwa sababu hiyo, mwaka 1975 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuuza kasa na kobe wadogo wenye gamba lisilofika inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, kwani watoto walikuwa wakiwatia kinywani. Mtoto wa chini ya miaka 5 atazame tu, asimshike. Wengine wanawe mikono kwa sabuni kila wamguswapo, na beseni la kobe lisioshewe vyombo vya kulia.

Kobe wa madoa aliyetunzwa vyema huweza kuishi miaka 50 na zaidi. Katika muda huo askari atahamishwa mara nyingi, atastaafu, na watoto wake watajenga nyumba zao. Basi kabla ya kukubali kumpokea, jiulizeni ni nani atakayempokea baada yenu. Na siku ya uhamisho ikifika, msimwache mlangoni kwa jirani kama tulivyoachiwa sisi. Mkabidhini pamoja na kibali chake na lile daftari la uzito, kama vile askari akabidhivyo zamu: kwa maandishi, na kwa mtu aliyekwisha kuelezwa kazi yake.

Hadi juma lijalo, nawatakieni amani katika nyumba zenu.